Nesi wa kazualti hulipwa ngapi? Hilo ni swali letu sisi wa 56

Wiki jana binamu yangu alinitumia ujumbe saa tano usiku. Hakuna salamu, hakuna niaje. "Bro, nesi wa kazualti hulipwa ngapi?" Kabla sijajibu akatuma video ya TikTok. Dada Mkenya yuko ndani ya gari lake huko Texas, ametoka zamu ya usiku, anaeleza kwamba pesa anayopata kwa wiki moja hapa nyumbani angeitafuta miezi kadhaa.

Binamu hakuwa anapitisha wakati. Amepata barua ya KMTC, kozi ya uuguzi. Mama yake anauza mboga karibu na steji ya Kawangware 56, na akiba yake yote iko kwenye chama. Kabla hajaitoa, anataka kujua kama mwanawe anaenda kusomea kazi au anaenda kusomea shida. Na kwa sababu mimi ndiye "msomi" wa familia, jibu linatarajiwa kutoka kwangu.

Nilimwambia anipe siku mbili. Nikaanza kuuliza watu, kusoma na kupiga hesabu. Nilichopata kimeniudhi kidogo, ndiyo maana naandika.

Kwanza nieleze kwa nini swali hili halihusu manesi peke yao. Ukiishi 56 unajua dharura ni nini. Boda inakatiza mbele ya matatu asubuhi, mtu anaanguka. Waya wa stima umeunganishwa ovyo, mabati yanashika moto, na usiku huo kuna watoto wenye majeraha. Sufuria ya maji moto inamwagika ndani ya keja ya futi kumi kwa kumi. Mama anashikwa na uchungu saa nane usiku na hakuna teksi inayokubali kuingia ndani ya mtaa. Ng'ambo ya barabara ni Lavington, ambako mtu hupiga simu na ambulensi ya kibinafsi ikaja. Sisi hubebwa na boda, mgonjwa katikati, mtu wa kumshika nyuma.

Mwaka juzi aliyebebwa hivyo alikuwa kakangu mdogo. Aligongwa akivuka barabara, mguu ukavunjika na kichwa kikapasuka. Tulimfikisha katika hospitali moja ya umma, ambayo sitaitaja, saa tatu usiku. Nilidhani tutapokelewa na daktari. Mtu wa kwanza kumgusa alikuwa nesi. Nesi ndiye aliyemwangalia macho na kuuliza kama alizimia. Nesi ndiye aliyefunga kichwa damu ikaacha kutiririka, akapima presha, akaweka dripu, akaamua kwamba huyu hawezi kungoja foleni. Wakati huo kulikuwa na wagonjwa wengine zaidi ya kumi kwenye benchi na sakafuni, na manesi walikuwa wawili.

Saa tisa usiku nilimsikia mmoja akimwambia mwenzake kwamba asubuhi akitoka hapo anaenda moja kwa moja kliniki nyingine kufanya lokamu. Nilifikiri anatania. Sasa najua hakuwa anatania.

Haya, tuje kwa pesa.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba katika hospitali za serikali hakuna kitu kama "mshahara wa nesi wa kazualti". Malipo hufuata kundi la kazi na miaka uliyotumikia. Mwenye diploma huanzia chini, mwenye digrii huanzia juu kidogo. Juu ya mshahara wa msingi kuna marupurupu ya nyumba, ya nauli, ya huduma ya uuguzi, ya sare na ya hatari. Chumba unachofanyia kazi hakihesabiwi. Nesi anayepokea mtu aliyechomwa kisu saa nane usiku na nesi anayepanga kadi za kliniki mchana, wakiwa kundi moja, hati zao za mshahara zinafanana.

Sisemi wa kliniki ya mchana analipwa sana. Wote wanalipwa kidogo. Ninachosema ni kwamba mfumo wetu haujui dharura ni nini. Madaktari angalau wana marupurupu yenye jina la dharura katika makubaliano yao. Nesi aliyesimama upande wa pili wa kitanda hichohicho, mikono yake ikiwa ndani ya damu ileile, hana kifungu chenye jina hilo.

Chukua yale marupurupu ya hatari. Manesi walipogoma Desemba 2020, katikati ya korona, walikuwa wanalipwa Sh3,850 kwa mwezi kwa ajili ya hatari. Gawanya kwa siku 30. Ni kama Sh128 kwa siku. Hiyo ni nauli ya kwenda tao na kurudi, na chai na mandazi mawili kama una bahati. Hiyo ndiyo bei tuliyoweka ya kuingia chumba chenye ugonjwa ambao ulikuwa umefunga dunia nzima.

Na hiyo ni serikalini, ambako wengi wanatamani kufika. Mtaani kwetu manesi wengi wako kwenye kliniki za kibinafsi, zile zenye msalaba wa kijani kwenye ghorofa ya kwanza, chini kuna duka la simu. Mmoja anaishi kwenye ploti yetu. Tunamwita sista. Yeye ni diploma, ana leseni na miaka minne ya kazi. Aliniambia analipwa elfu thelathini, na hapo anajihesabu mwenye bahati kwa sababu kuna wenzake wanaolipwa chini ya hapo. Tulikaa kwenye ngazi tukapiga hesabu pamoja.

Elfu thelathini. NSSF inachukua asilimia 6, hiyo ni 1,800. Bima ya SHIF asilimia 2.75, hiyo ni 825. Ushuru wa nyumba asilimia 1.5, hiyo ni 450. Kodi ya mapato, baada ya kuondoa hizo na kupewa punguzo la 2,400, inabaki kama 730. Anabaki na takriban Sh26,200. Bedsita yake ni elfu saba. Mtoto yuko shule, na mama yake kule Kakamega hutumiwa elfu tatu kila mwezi. Leseni lazima ifanywe upya, na masomo ya kuendelea hujilipia mwenyewe. Ndiyo maana hufanya lokamu usiku, Sh1,500 kwa zamu. Mwezi ukiwa mgumu anafanya zamu kumi.

Sasa wewe piga picha. Saa kumi alfajiri unaletwa pale ukiwa huna fahamu. Anayehesabu matone ya dawa inayoingia kwenye mshipa wako ni mtu ambaye hajalala tangu jana asubuhi. Hajalala kwa sababu ya kodi ya nyumba. Mshahara wake umekuwa shida yako, hata kama hukuwahi kumfikiria.

Kuna wale watasema, nenda ng'ambo basi. Na ni kweli, hesabu ya ng'ambo inavutia. Uingereza, nesi anayeanza katika hospitali za umma ana mshahara wa pauni 31,049 kwa mwaka kwa kipimo cha 2025/26. Hiyo ni zaidi ya Sh400,000 kwa mwezi kabla ya kodi. Marekani, nesi wa katikati mwaka 2024 alikuwa anapata dola 93,600 kwa mwaka, karibu shilingi milioni moja kwa mwezi, pia kabla ya kodi. Huko jimbo nalo huamua. Wastani wa California ni karibu mara mbili ya ule wa South Dakota. Na nyongeza ya zamu ya usiku na ya wikendi ni kitu cha kawaida. Mtu akifanya kazi wengine wamelala, hati yake ya mshahara inajua.

Lakini zile video hazionyeshi kila kitu. Hazionyeshi kodi ya nyumba ya Dallas, wala gari ambalo bila hilo hufiki kazini. Hazionyeshi mtihani wa NCLEX, ada za mawakala, na miaka ya kungoja viza. Kenya na Uingereza zilitia sahihi makubaliano ya kupeleka manesi Julai 2021. Novemba mwaka huohuo Uingereza ikaweka Kenya kwenye orodha ya nchi ambazo haifai kuzifuata kwa fujo kutafuta wafanyakazi, kwa sababu sisi wenyewe tuna upungufu. Kundi la kwanza lililoondoka Juni 2022 chini ya makubaliano hayo lilikuwa la manesi 19. Na Februari mwaka huo Mutahi Kagwe, aliyekuwa Waziri wa Afya, alitangaza kwamba kati ya manesi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza ni 10 tu waliopita. Tulicheka sana mtandaoni. Sikumbuki kama kuna mtu aliuliza kwa nini watu 300 walikuwa wanatafuta mlango wa kutokea.

Ng'ambo ni njia ya mtu mmoja mmoja, na simlaumu yeyote anayeifuata. Ila haiwezi kuwa mpango wa nchi. Dada wa Texas akienda, benchi la kazualti linabaki na wagonjwa walewale. Nesi mmoja amepungua.

Na si kwamba manesi hawajaongea. Juni 2017 waligoma, wakakaa nje takriban miezi mitano hadi Novemba. Walirudi kwa ahadi, mojawapo ikiwa marupurupu ya huduma ya uuguzi ya Sh20,000. Februari 2019 chama chao, KNUN, kikaitisha mgomo tena. Madai yalikuwa mapya? Hapana. Kaunti kadhaa hazikuwa zimelipa kilichokubaliwa. Desemba 2020 wakatoka tena, safari hii wakidai vifaa vya kujikinga, bima na hayo marupurupu ya hatari. Madaktari nao waligoma siku 100 kati ya Desemba 2016 na Machi 2017, kisha siku 56 mwaka 2024. Kila mara hadithi ni moja: makubaliano yanatiwa sahihi mbele ya kamera, kamera zinaondoka, pesa haiji.

Halafu kuna wale wa UHC. Serikali iliwaajiri kwa mikataba mwaka 2020 wakati wa korona, maelfu yao, manesi wakiwa wengi. Mwaka 2025 walikuwa bado wanapiga kambi nje ya Afya House wakidai kuajiriwa kwa masharti ya kudumu na kulipwa kama wenzao. Miaka mitano ya kufanya kazi ileile, katika wadi ileile, kwa malipo ya mtu wa kupita. Tulipowahitaji tuliwaita mashujaa, na wengine wakapigiwa makofi. Mwaka 2022 nesi wa Marsabit, Anna Qabale Duba, alishinda tuzo ya nesi bora duniani kule Dubai, dola 250,000, na nchi nzima ikajipongeza. Makofi ni mazuri. Landlodi wa 56 hayapokei.

Hapa ndipo neno "wito" huletwa. Uuguzi ni wito, wanasema, si pesa. Nimesikia hata wazee wa familia yetu wakimwambia binamu hivyo. Mimi nauliza, mbona wito huu haupunguzi bei ya unga? Mbunge naye anasema ameitwa kutumikia wananchi, lakini sijasikia akiambiwa atosheke na wito. Mtu anaweza kuipenda kazi yake na bado alipwe sawasawa. Kipengele cha 41 cha Katiba kinasema kila mfanyakazi ana haki ya malipo ya haki. Hakikuongeza "isipokuwa wale wenye wito".

Na Katiba hiyohiyo, kipengele cha 43, inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Ni ahadi nzito sana. Lakini mwaka 2015 mtu aliyegongwa na gari alikaa saa 18 ndani ya ambulensi jijini hapa akitafutiwa kitanda cha ICU, na akafariki. Haki ya dharura haitekelezwi na karatasi. Inatekelezwa na mtu aliye macho saa tisa usiku, mwenye ujuzi na mwenye nguvu. Huwezi kuahidi watu milioni 50 huduma ya dharura halafu ukakataa kumjua anayeitoa.

Wenye kaunti wana jibu lao, na lazima tulisikie. Wanasema pesa ya mishahara imejaa. Sheria inataka kaunti isitumie zaidi ya asilimia 35 ya mapato yake kwa mishahara, na nyingi tayari zimevuka hapo. Sawa. Lakini hebu tupige hesabu nyingine. Tuseme kazualti moja kubwa ina manesi 40 kwa zamu zote. Waongezee kila mmoja Sh10,000 kwa mwezi kama marupurupu ya dharura na zamu ya usiku. Ni Sh400,000 kwa mwezi, Sh4.8 milioni kwa mwaka. Katika bajeti ya Nairobi hiyo ni pesa ndogo. Safari chache zikifutwa na warsha chache zikafanyiwa ofisini badala ya hotelini Naivasha, inapatikana. Swali ni nani amewekwa mbele ndani ya hiyo asilimia 35.

Kwa hivyo mimi naomba mambo matatu, na si magumu.

Moja, dharura iandikwe kwenye hati ya mshahara ya nesi. Tume ya Mishahara na Marupurupu, SRC, itambue kazualti na zamu ya usiku kama kazi yenye malipo yake, kama inavyofanyika kwa wengine.

Mbili, kliniki za kibinafsi ziwekewe kiwango. Mfanyakazi wa kawaida wa Nairobi ana mshahara wa chini uliowekwa na serikali, ambao baada ya nyongeza ya 2024 ulikuwa Sh16,113 na ushei, bila ya nyumba. Nesi mwenye diploma na leseni anastahili kiwango chake kilichoandikwa, ili mwenye kliniki asimtishe kwamba kuna wengine mia wanangoja mlangoni.

Tatu, hii ya tatu ni yetu. Afya ya mtaani iko chini ya kaunti, na kila mwaka kabla bajeti kupitishwa kuna vikao vya wananchi kutoa maoni. Sisi vijana hatuendi. Vikao hujaa wazee na watu wa MCA waliotengewa viti, halafu Juni tunalalamika X. Tulionyesha mwaka 2024 kwamba tunaweza kusoma mswada wa fedha kifungu kwa kifungu. Siku zile, maandamano yalipogeuka damu, waliokuwa wakifunga vidonda vyetu barabarani walikuwa madaktari, manesi na wanafunzi wao waliojitolea bila malipo. Basi tuwarudishie mkono. Tukasome bajeti ya kaunti ukurasa wa afya kama tulivyousoma ule mswada.

Nilirudi kwa binamu baada ya siku mbili kama nilivyoahidi. Nilikutana naye na mama yake kwenye kibanda cha mboga jioni, wateja wakiwa wengi, kwa hivyo niliongea kwa kifupi. Niliwaambia ukweli wa namba, yote, ya hapa na ya Texas. Nikasema kazi ipo lakini pesa ni ndogo kuliko uzito wake, na kuna mwaka au miaka ya kuhangaika kabla ya kuajiriwa vizuri.

Shangazi alinyamaza kidogo akifunga sukuma. Halafu akaniuliza, "Yule aliyemfunga Brayo kichwa ile usiku, alikuwa anajua kazi?"

Nikasema alikuwa anajua.

"Basi huyu ataenda," akasema. "Lakini nyinyi wenye kuandika, andikeni walipwe."

Ndiyo hii nimeandika, shangazi. Sasa imebaki kikao cha bajeti. Msomaji wangu wa Kawangware, Gatina, Kabiro, na hata wewe wa Kibera, siku ikitangazwa twende, tukae mbele, na tuulize swali moja tu: nesi wa kazualti yetu analipwa ngapi, na analipwa lini?